Ubao wa Bei wa Balbir

"Shuka, Mzee. Shuka sasa hivi."

Balbir hakushuka. Alikuwa juu ya ngazi, bisibisi ameiuma kwa meno, mikono yote miwili imezama nyuma ya ubao wa bei, kilemba chake cha buluu kimeingia vumbi jeusi la kiwandani. Alimtupia Deka jicho moja, kama vile ni mpita njia tu, akaendelea kulegeza skrubu.

Deka Jama aliishika ngazi akaitikisa. Hakutumia nguvu nyingi. Kiasi tu cha kumkumbusha mzee wa miaka sitini na minane kwamba mpanda ngazi hushuka, na kwamba njia za kushuka ni zaidi ya moja.

"Wewe mama, una wazimu?" Balbir alitema bisibisi. "Utaniua!"

"Unafanya nini huko juu?"

"Si unaona? Natengeneza. Saa iko na makosa, namba ziko na makosa. Tajiri wetu Hasmukh amesema leo lazima iishe."

"Leo kabla ya saa nane, mkaguzi wa serikali hajafika. Ndiyo au siyo?"

Balbir aligeukia tena skrubu zake, na hapo Deka akajua kwamba amegonga penyewe.

Alikuwa amefika Saltley, mtaa wa viwanda wa Birmingham, na hasira tangu asubuhi. Deka ni Msomali wa Garissa, aliyekagua madai ya bima miaka kumi na mmoja kabla hajafungua ofisi yake ya upelelezi juu ya duka la vitambaa huko Sparkbrook. Watu wanaodanganya alikuwa amewazoea. Waongo ndio waliomlipia kodi ya nyumba. Alichokuwa hajakizoea ni kuona ushahidi ukichokonolewa mchana kweupe, halafu mchokonoaji amwite yeye mwenye wazimu.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Jumatatu ya tarehe thelathini na moja Oktoba, mwaka huu wa 2005, zikiwa zimebaki siku chache tu kufika Idi, tanuri la umeme la kiwanda hiki cha kuyeyusha shaba lilipasuka. Shaba iliyoyeyuka ilimwagika ikamchoma Ridwan miguu yote miwili, kuanzia magotini kwenda chini. Mtu alikuwa amewasha tanuri wakati maji ya kulipoza yamefungwa. Nani? Ubao wa bei ulikuwa na mashine iliyojiandikia kila tanuri linapowashwa na kuzimwa, na karatasi yake ilisema 17:42. Saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili jioni, zamu ilikuwa ya Daud na ufunguo wa swichi ulikuwa shingoni mwake. Daud alisema alirudi kutoka kufuturu na kusali akalikuta limeshawaka. Nani angemsikiliza, na karatasi ipo?

Daud ni mume wa Nurto. Ridwan ni kaka yake Nurto, baba mmoja, mama mmoja.

Nurto alikuwa amekuja ofisini kwa Deka Jumamosi, akakaa wima bila kutoa chozi, akasema amechukua watoto wake na kurudi kwa mama yake Washwood Heath, na hatoki huko mpaka aambiwe kitu kimoja tu: mumewe alimchoma kaka yake, au hakumchoma. Sasa hivi alikuwa amekaa ndani ya gari la Deka nje ya geti, kwa sababu kukaa nyumbani alikataa. Kesho asubuhi Daud alitakiwa kituo cha polisi, na mwanasheria alikuwa amemshauri aende na mswaki wake.

"Mzee Balbir," Deka alisema, "nakuuliza kwa heshima kwa mara ya mwisho. Shuka."

Balbir alishuka.

Ubao ule aliubuni yeye mwenyewe. Tangu Aprili Hasmukh alikuwa ananunua umeme kwa bei inayobadilika kila nusu saa, na tanuri linakula umeme kama mchwa wanavyokula mlango. Balbir, fundi umeme wa Nakuru enzi zake, aliokota kompyuta kuukuu, waya wa simu na taa nyekundu za bango la basi lililotupwa, akatengeneza kitu ambacho hakikuuzwa duka lolote la Birmingham. Mstari wa juu saa, mstari wa chini bei. Kando, taa mbili: bei ikishuka chini ya pauni thelathini inawaka ya kijani, ikipanda juu yake inawaka nyekundu. Kijani washa, nyekundu ngoja. Hasmukh, mwenye kiwanda, aliwaonyesha wageni ubao ule kabla hajawaonyesha hata shaba.

Deka aliutazama. Saa ya ubao ilisema 11:15. Saa yake ya mkononi ilisema saa tano na dakika kumi na tisa. Alisubiri bila kupepesa macho. Dakika ikageuka, ubao ukaandika 11:20, lakini sifuri yake ilikuwa na pengo juu upande wa kulia.

"Tisa yako inasomeka tano," alisema.

"Kijiti kimoja cha taa kimeungua. Nilikuwa natafuta kijiti kingine."

"Kwa hiyo ubao huu unadanganya saa. Na polisi wanataka kumfunga mtu kwa saa ya ubao huu."

Balbir alitikisa kichwa polepole, kwa huruma ya mwalimu. "Hapana, mama. Huko umepotea. Karatasi haisomi taa. Karatasi inaandikwa na kompyuta ndani. Hata ukivunja taa zote, karatasi itaandika vilevile."

Ilimuuma Deka, kwa sababu alikuwa ameshaanza kufurahi. Basi akaliacha hilo, akashika jingine.

"Tanuri likiwa baridi kabisa, shaba inachukua muda gani kuyeyuka?"

"Kilo mia tatu? Saa moja na robo. Ukisukuma sana, saa moja na dakika kidogo."

"Na ambulensi ilipigiwa simu saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika tatu."

"Kutoka kumi na moja na dakika arobaini na mbili mpaka kumi na mbili na dakika tatu ni dakika ishirini na moja. Mzee Balbir, dakika ishirini na moja hata maharage hayaivi! Shaba ilitoka wapi?"

"Hasmukh aliwaambia polisi tanuri lilikuwa bado na moto wa asubuhi."

"Lilikuwa nao?"

Balbir alijifuta mikono kwa tambara ambalo lilikuwa chafu kuliko mikono.

"Lilikuwa nao?"

"Lilizimwa Ijumaa," alisema. "Jumatatu mchana kutwa Ridwan alikuwa anabadilisha mpira wa maji. Ndiyo maana maji yalifungwa."

Damu ilimpanda Deka kichwani. Watu kumi na wanane wanafanya kazi humu, wote wanajua shaba kuliko wanavyojua majirani zao, na wote walimwangalia Daud akiondoka na polisi. Wengine walijaribu kusema, hilo Nurto alikuwa amemweleza. Wakaulizwa kama wana vyeti vya uhandisi. Wengine hawakujaribu.

"Wewe ulinyamaza," Deka alisema. "Wewe ndiwe uliyetengeneza mashine, na ukanyamaza."

"Mimi na Hasmukh tulipanda ndege moja mwaka sitini na nane. Mama yake alinilisha miezi minane. Ungefanya nini wewe?"

"Ningesema ukweli, halafu ningekwenda kumlilia mama yake kaburini. Karatasi iko wapi?"

"Polisi walipewa kopi."

"Kopi ya kipande. Nimeiona, ndefu kama kidole, inaishia kwenye 17:42 kama mtu aliyekatwa ulimi. Mimi nataka yote."

Mzee alilikunja lile tambara chafu mara nne. Mashine ya kusaga ililia upande wa pili wa ukuta, ikanyamaza, ikalia tena. Kisha aliinama kwenye sanduku lake la vifaa, akaondoa koleo, akaondoa mkasi, akatoa bati la biskuti. Ndani ya bati kulikuwa na karatasi nyembamba iliyoviringishwa, mfano wa risiti ya dukani, nene kama ngumi.

"Hasmukh aliniambia nichome," alisema. "Fundi hachomi kazi yake."

Waliitandaza juu ya meza ya kazi, wakaibana kwa nyundo na spana. Kila nusu saa mstari mmoja: saa, na bei. Siku ya kazi kulikuwa na mistari ya ziada ya tanuri, neno ON au neno OFF. Deka alianza kwenye Jumatatu ile ya ajali. Kidole chake kilipita 17:42 ON, kikashuka, kikasimama.

"Soma hapa."

"19:02. OFF."

"Nani alizima tanuri siku ile?"

"Daud. Shaba ilipomwagika tu, alikimbilia swichi. Kila mtu alimwona."

"Halafu ndiyo wakapiga simu."

"Ndiyo."

"Simu ilipigwa saa kumi na mbili na dakika tatu. Lakini hapa unaniambia tanuri lilizimwa saa moja na dakika mbili usiku. Ridwan alikuwa ameshafika hospitali, ameshachanwa suruali! Daud alisimama kwenye shaba inayotiririka saa nzima ndipo akakumbuka swichi?"

"Hapana." Balbir alivaa miwani yake. Uso wake ulikuwa umebadilika. Haukuwa tena wa mtu anayeficha, ulikuwa wa fundi aliyeonyeshwa waya uliolegea. "Hapana, hii si kweli. Lakini Jumatatu asubuhi Hasmukh alirudisha saa. Alipanda hapa mwenyewe, akageuza kinobu cha saa, nilimwona."

"Saa ya ubao."

"Saa ya ubao."

"Na kompyuta?"

"Kompyuta haina saa. Ni kuukuu, saa yake imekufa. Niliifundisha kuhesabu. Inahesabu dakika, zikifika thelathini ni nusu saa, moja, mbili, tatu. Ikimaliza siku, inaanza siku mpya."

"Inajuaje siku imekwisha?"

"Ikifika arobaini na nane."

Deka alivuta karatasi nyuma mpaka Jumapili. Jumapili hakuna kazi, hakuna ON wala OFF, ni mistari ya bei mitupu. Alimpa Balbir kalamu. "Hesabu."

Balbir alihesabu kwa Kipunjabi, chini ya pumzi, akitia nukta kila kumi. Alifika arobaini na nane, na mstari uliofuata ukawa wa Jumatatu.

"Sasa niambie, Mzee. Ile ndiyo Jumapili waliyorudisha saa nyuma nchi nzima. Ilikuwa na saa ngapi kwa jumla?"

Mzee alivua miwani.

"Ishirini na tano," alisema.

"Ambazo ni nusu saa ngapi?"

"Hamsini." Alikaa juu ya debe. "Hamsini, na mimi nimeandika arobaini na nane. Siku iliisha kabla haijaisha. Tangu hapo karatasi iko mbele saa nzima." Alijipiga paji la uso, pa, kwa kiganja. "Nakuru siku ni siku! Jua linatoka saa kumi na mbili, linazama saa kumi na mbili, nani anarudisha saa Nakuru? Miaka thelathini na saba kila Oktoba narudisha saa ya ukutani kwangu, na nilipokaa kuifundisha hii mashine siku ni nini, nikaifundisha siku ya Nakuru."

Alianza kucheka, lakini kicheko hakikufika popote. Deka hakumcheka. Alichukua kalamu, na pembeni ya 17:42 akaandika 16:42. Saa kumi na dakika arobaini na mbili. Toka hapo mpaka shaba imwagike, saa moja na dakika ishirini. Hesabu ilikaa pale kama kifuniko kwenye sufuria yake.

"Bei hapo imeandikwa 104.20," alisema. "Hasmukh aliwaambia polisi Daud aliwasha umeme wa ghali makusudi, kwa kisirani, kwa sababu alinyimwa likizo ya Idi. Ubaoni ilionekana ngapi?"

Balbir alitazama juu kwenye ubao wake. Mstari wa bei ulikuwa na nafasi za tarakimu nne. Deka alizihesabu yeye pia, mbili kabla ya nukta na mbili baada yake.

"04.20," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Ile mia moja haina pa kukaa."

"Na taa?"

"Taa inafuata namba ya ubaoni. Kijani." Alishika ndevu zake. "Lakini mama, hakuna mtu wa tanuri angeamini kijani saa kumi na nusu ya jioni, baridi hii, nchi nzima imewasha birika. Daud mwenyewe hunitania, Mzee, ubao wako umelewa. Wao huuliza kwanza."

"Ndiyo," Deka alisema. "Wao huuliza kwanza. Nipe karatasi, nawe nifuate."

Alipitia chumba cha kulia kwanza. Ukutani, juu ya sinki, kulikuwa na ratiba ya Ramadhani ya msikiti, ina madoa ya mchuzi. Hakuna aliyekuwa ameibandua ingawa Idi imepita. Alifuata mstari wa tarehe thelathini na moja kwa ukucha. Magharibi, saa kumi na dakika arobaini na moja. Dakika moja kabla. Alibandua ratiba, akaikunja, akapanda ngazi za chuma kwa kishindo ambacho hakukihitaji.

Hasmukh alikuwa katika ofisi yake ya vioo, juu ya sakafu ya kiwanda, mahali ambapo mtu anaona tanuri, ubao na kila kichwa kinachopita. Alikuwa mwanamume mwembamba, nadhifu, sweta la kijivu, kalamu tatu mfukoni.

"Karibu, mama, karibu. Kaa. Chai iko, ya tangawizi kabisa."

"Sikai muda mrefu." Deka alikaa. Alikunjua uso kwa bidii mpaka ukawa wa upole. "Bwana Hasmukh, nimesikia jambo jema juu yako. Wanasema Ramadhani wewe mwenyewe unawashikia watu zamu ili wafuturu pamoja."

Hasmukh alinyooka kwenye kiti. "Hiyo ni kweli. Mwaka wa kumi na tatu huu. Mimi nimezaliwa Kisumu, mama, dukani kwa baba, vijana wa Kisomali walikuwa wanafanya kazi na sisi. Baba alikuwa anasema, mtu aliyefunga usimwache ale akisimama. Nanunua tende, nanunua sambusa. Viwanda vingine hapa wanakata mshahara ukienda kusali! Mimi hapana."

"Na tanuri? Nani analiangalia?"

"Mimi. Adhana ikilia kwenye redio yao, mwenye zamu ananipa ufunguo, navaa shingoni. Wakimaliza kusali, narudisha. Nusu saa hivi."

"Hata Jumatatu ile?"

"Kila siku."

"Labda Mzee Balbir alikusaidia."

"Balbir anaenda nyumbani saa tisa, ana mgongo. Wengine wote ni Waislamu, wako chakulani. Mimi peke yangu kwenye sakafu." Aliinua kidole kwa fahari. "Peke yangu, kama askari."

"Asante," Deka alisema. Akafungua ratiba ya msikiti juu ya meza, akaweka karatasi ya Balbir juu yake, akapeleka kidole. "Tanuri liliwashwa saa kumi na dakika arobaini na mbili. Mashine ilikuwa mbele saa nzima. Mwenyewe aliyeitengeneza ataapa. Daud alikuwa ana tende mdomoni. Ufunguo ulikuwa shingoni mwako."

Hasmukh alitazama karatasi. Aliitambua, Deka alimwona akiitambua. "Hii ilichomwa," alisema.

"Haikuchomwa."

"Basi imeharibika. Umesema mwenyewe iko mbele, iko nyuma, sijui. Mashine mbovu. Ushahidi gani huo? Daud ndiye aliwasha."

"Hapana, nimebadilisha mawazo," Deka alisema, akainuka. "Huenda mashine ni mbovu kweli. Maana angalia bei hapa: mia moja na nne. Hata mwehu wa barabarani hawashi tanuri kwa bei ya mia moja na nne. Aliyewasha lazima alikuwa mjinga wa wajinga, hajui hata kusoma namba, hafai hata kuuza—"

"Haikuwa mia moja na nne!" Hasmukh alipiga meza. "Ilikuwa nne! Nne na ishirini, na kijani inawaka! Mtu yeyote angewasha!"

Hata kalamu zake tatu zilionekana kushtuka.

"Karatasi inasema mia moja na nne," Deka alisema. "Polisi wanasema mia moja na nne. Wewe mwenyewe uliwaambia mia moja na nne. Nne na ishirini ilikuwa ubaoni tu, kwa nusu saa ile tu, na sakafuni kulikuwa na mtu mmoja tu, kama askari."

Balbir alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemwona akipanda, kwa sababu ya mgongo wake hupanda polepole.

"Nilikuambia mwezi wa Juni," mzee alisema. "Nilikuambia, Hasmukh bhai, ndugu yangu, nafasi hazitoshi, ninunulie tarakimu moja zaidi. Ukasema bei haiwezi kufika mia. Leo unaniita niongeze tarakimu, mkaguzi yuko njiani! Kazi yangu unaifanya kisu, unamchinjia mtoto wa watu?"

"Nilitaka wakirudi wakute tayari!" Hasmukh alikuwa amesimama, sweta limepanda. "Kijani, nafuu, dakika chache, nikasema wacha niwasaidie. Mimi najua nini maji yamefungwa? Maji ni kazi ya watu wa maji!"

"Na ulipomrudishia Daud ufunguo?" Deka aliuliza. "Ulimwambia umewasha?"

"Nilidhani anaona."

"Hukumwambia."

"Simu ilikuwa inalia juu hapa."

"Na Ridwan alipoungua? Polisi walipouliza? Walipomtia Daud ndani ya gari lao mbele ya wenzake, simu ilikuwa bado inalia?"

Hasmukh aliangalia chini kupitia kioo, kwa watu wake walioinama kwenye kazi. "Mimi nina watu kumi na wanane," alisema. "Mimi nikianguka, wote wanaanguka. Yeye ni kijana. Ridwan atapona. Daud angepata kazi nyingine."

Deka alikuwa amekutana na waongo wengi, wezi wa bima, watu waliojichomea maduka. Wengi wao alikuwa amewasahau kabla ya kufika nyumbani. Huyu hakutaka kumsahau. Mtu aliyenunua tende kwa mkono wake, akasimama kulinda futari za watu, kisha akampakazia mmoja wao moto aliouwasha mwenyewe, na bado anaona wema wake uko mizani moja na uovu wake! Alitamani kuichukua ile birika ya tangawizi aitupe kwenye vioo. Badala yake alitoa simu, akampigia mkaguzi, akamwambia asingoje saa nane.

"Mzee Balbir, keti hapa na karatasi yako," alisema. "Asiiguse mtu."

"Nitaikalia," Balbir alisema, na kweli akaikalia.

Nje mvua nyembamba ilikuwa inanyesha. Nurto aliteremsha kioo cha gari kabla Deka hajafika. Mitandio yake ilikuwa miwili, mmoja juu ya mwingine, na mikono ameificha ndani.

"Hakuwasha Daud," Deka alimwambia. "Aliwasha Hasmukh, wao wakiwa wanafuturu. Amekiri mbele ya shahidi. Kesho mumeo hafungwi."

Alitegemea machozi, au alhamdulillahi. Nurto aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea mzigo na sasa anaupima.

"Walimaliza kusali saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na moja na dakika kumi hivi."

"Daud akarudi kwenye tanuri."

"Akarudi, akapewa ufunguo wake. Akalikuta linawaka."

"Na shaba ilimwagika saa kumi na mbili."

Deka aliona swali linakokwenda, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na haraka. "Saa kumi na mbili," alisema.

"Dakika hamsini. Geji ya maji iko wapi, Deka? Umeiona?"

Angeweza kusema hakuiona. Nurto alikuwa mteja wake, alikuwa amelipa, na alistahili kulala usingizi. Lakini alikuwa amelipa ili aambiwe.

"Iko kando ya tanuri. Kubwa kama sahani. Maji yakifungwa inaonyesha."

Lori lilipita Alum Rock Road likarusha maji kwenye kuta.

"Kwao kiwandani," Deka alisema, "anayewasha ndiye anayeangalia maji kwanza. Ndiyo kanuni. Daud alidhani tajiri ameshaangalia. Kisheria hana kosa hata moja."

"Kaka yangu alikuwa amelala chini ya tanuri akiufunga ule mpira wa maji," Nurto alisema. "Daud ndiye aliyempa spana. Aliniambia mwenyewe."

"Nurto—"

"Sina hasira na wewe, dada. Umefanya kazi yako, Mungu akulipe. Ingia, unaloa."

Deka aliingia, akafunga mlango. Vioo vilikuwa vimefunikwa na pumzi ya mtu aliyesubiri peke yake muda mrefu.

"Nikupeleke kwa mama?"

"Nipeleke kwangu. Kwa Daud." Nurto alivuta mkanda wa gari, akaufunga. "Habari nzuri utampa wewe. Ukimaliza utoke, utuache. Mimi nataka anikalishe chini, anihesabie zile dakika hamsini, moja moja."